Kabange anayatafuta masizi ya mama yake Brussels

Kikombe cha tisa kina alama ya rangi ya mdomo. Kabange Ngoy anakiinua hadi kwenye mwanga wa taa, anakigeuza, anapitisha kidole gumba pale penye alama, kisha anakirudisha kwenye maji ya moto. Ni saa kumi na mbili na robo asubuhi, ghorofa ya tano ya jengo la ofisi lililo hatua chache kutoka kituo cha metro cha Schuman. Wenye vikombe bado wamejifunika blanketi.

Jikoni humu hapikwi chochote. Kuna mashine ya kahawa, friji, sinki, na meza ndefu ambayo watu wapatao themanini huimwagia kahawa, maziwa na makombo ya mkate kila siku ya kazi. Kabange, mwenye umri wa miaka 54, amekuwa akiyafuta hayo yote kwa miaka kumi na minne.

Akimaliza, anainamisha kichwa na kuinusa sinki. Mwandishi wa makala haya alidhani macho yake yamemdanganya, akauliza.

"Macho inadanganyaka," anajibu kwa Kiswahili cha Kongo, ambamo fasi ni mahali na kusahabu ni kusahau. "Pua, hapana. Fasi ikiwa na harufu, kuko kintu ulisahabu."

Wasafishaji wapya wa kampuni yao huletwa kwake wiki ya kwanza wajifunze kazi. Anawafundisha kwamba adui wa msafishaji ana rangi moja tu, nyeusi: nyeusi iliyojificha katikati ya vigae, nyeusi chini ya mguu wa kiti, nyeusi kwenye ukingo wa bomba. Ukiiona, huondoki kabla yake.

Kwa ofisi, somo hilo halina kasoro. Kwa jikoni kwake mwenyewe, ndilo lililotaka kumtenganisha na ndugu yake wa tumbo moja na wa siku moja.

Kabange anaishi Saint-Gilles, mwendo wa dakika kumi kutoka stesheni ya Midi, katika moja ya zile nyumba ndefu nyembamba zilizojengwa kwa ajili ya familia moja na sasa zinabeba sita. Yeye na bintiye Océane, mwanafunzi wa uuguzi mwenye miaka 20, wako ghorofa ya tatu. Lifti hakuna, na goti lake la kulia limeshafanyiwa upasuaji. Mshahara wake wa mwezi ni euro 1,650 mkononi. Kodi ya nyumba peke yake inachukua 870.

Jiko lao lina mita mbili kwa tatu. Mgeni akiingia, mwenyeji mmoja lazima atoke. Lakini ukishaingia, hutoki upesi, kwa sababu ukuta mzima umepakwa buluu iliyokolea, ile ya sketi za shule za Kongo, na juu ya buluu hiyo kuna rafu tatu nyeupe. Mbao zake zilitoka kwenye kabati lililotupwa njiani. Kabange alizibeba begani mtaa mzima, watu wakimpisha, na ukuta akautoboa mwenyewe, mara nne, maana plasta ya nyumba hizi humomonyoka ukiikoholea tu.

Rafu ya juu na ya chini zina vyombo vya udongo, vyote vya mkono wa mtu mmoja: mama yake. Kuna kijungu cha chumvi chenye kifuniko. Kuna mtungi uliovunjika shingo, ambao sasa una maua ya plastiki ambayo Océane anayaonea aibu. Kuna bakuli lililobonyea upande mmoja, kwa sababu kaka yao mkubwa, Dady, alilikalia kabla halijakauka. Mama yao alikataa kulifinyanga upya. Alilichoma hivyo hivyo, na kila mgeni aliyekula nyumbani kwao alisimuliwa yale ni makalio ya nani.

Vyombo hivyo vilikuja kimoja kimoja kwa miaka zaidi ya ishirini, ndani ya mizigo ya wasafiri, vimefungwa kwa vikwembe, vitenge vya akina mama wa Kongo. Chini ya kila kimoja, kwenye ubao, Kabange ameandika kwa penseli mwaka kilipofika na jina la aliyekibeba.

Rafu ya katikati haina kitu. Mwandishi aliweka simu yake pale, na simu ikaondolewa bila maelezo.

Maelezo yalikuja baadaye, na chai. Mama yao alifinyanga vyungu Likasi, mji wa migodi huko Katanga, na kuviuza sokoni. Mwaka 1971 alijifungua mapacha wa kike. Wa kwanza akaitwa Kyungu na wa pili Kabange, kama Waluba wanavyowaita mapacha wao, na yeye mwenyewe mtaa mzima ukaanza kumwita Mama Mapasa. Hata mwezi haukuisha, alifinyanga vyungu viwili vya ukubwa mmoja. Kwenye bega la kila chungu alichora kwa ukucha mistari miwili mifupi iliyosimama pamoja.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja: cha mapacha ni sawasawa. Kyungu akinunuliwa viatu, Kabange naye alinunuliwa, hata kama vya zamani havijachakaa. Kabange akiugua malaria, Kyungu naye alimeza kwinini akiwa mzima wa afya, na alilia kuliko mgonjwa.

"Mara moja tu ile sheria ilikufa," anasema Kabange, na hapo uso wake unakuwa wa mtoto wa miaka tisa. "Siku moja mama alikuta nyungu ya Kyungu inavuya. Alinipiga mwiko tatu. Miye peke yangu. Na sikuigusa hata."

Nyungu ndiyo chungu, na kuvuya ndiko kuvuja, kwa Kiswahili cha kwao. Nani basi alikipasua? Kabange aliamini ni mbuzi wa jirani. Alimshutumu mbuzi huyo kwa miaka arobaini na mitano, na mbuzi hakuwa na wa kumtetea.

Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele. Mama yao alikitibu chungu kwa namna aliyoijua yeye, kikarudi mafigani. Walipoolewa, kila binti aliondoka na chake. Kabange alipohamia Ubelgiji mwaka 2003, alikipakata ndani ya ndege na nguo zake nyingi akaziacha Likasi.

Mwezi Februari mwaka jana Mama Mapasa alifariki dunia akiwa na miaka 83. Wiki ile ile Kabange alikuwa kitandani hospitalini, goti limeshonwa siku mbili kabla, na daktari akamkataza kupanda ndege. Mazishi aliyatazama kwa video, kupitia simu ya mjomba aliyekuwa na mikono inayotetemeka. Anasema aliona mbingu na viatu vya watu zaidi kuliko alivyoliona jeneza.

Kyungu ndiye aliyepika chakula cha msiba, kwenye mafiga ya mama yao, katika chungu chake. Kisha akatimiza agizo. Mama yao alikuwa amesema kwamba akishaondoka, vyungu viwili vikae nyumba moja, na nyumba hiyo iwe ya yule aliye mbali, ili huko aliko naye awe na kwao. Kyungu akakifunga chungu kwa kikwembe cha marehemu. Mwezi Oktoba kikasafiri na Maman Myriam, mfanyabiashara wa vitambaa mwenye duka karibu na Chaussée d'Ixelles.

Kabange alikwenda kukichukua dukani, akakibeba kifuani hadi nyumbani. Alipokifungua alikikuta cheusi tii, masizi yamelala tabaka juu ya tabaka, hata mistari ya mama haionekani. Chake mwenyewe, kilichopikiwa kwenye gesi miaka ishirini na kuoshwa na mtu wa kazi yake, kilikuwa chekundu cha udongo mtupu. Aliviweka kwenye rafu ya katikati, bega kwa bega. Kimoja chekundu, kimoja cheusi.

Cha mapacha ni sawasawa. Kabange akapiga magoti, goti bovu na goti zima, akatoa dawa ya kuondolea mafuta ya oveni, ile yenye harufu ya limau, na sugurio la waya. Alianza saa tatu asubuhi. Saa saba mchana chungu cha Kyungu kilikuwa chekundu kama siku kilipotoka motoni, na mistari miwili ya ukucha ilionekana vizuri kabisa. Alilia kwa furaha. Océane akapiga picha, kisha wakapiga simu ya video Likasi.

Kyungu alisogeza uso kwenye simu. Aliuliza chake ni kipi. Alipoonyeshwa, akasema polepole, bila hasira, jambo ambalo Kabange analirudia neno kwa neno:

"Ile haikukuwa buchafu, Kabange. Ile ilikuwa moto ya mama. Umeifuta."

Simu ikakatika, na safari hii kosa halikuwa la mtandao.

Masizi ya juu yalikuwa ya msiba. Chini yake kulikuwa na miaka thelathini ya Kyungu akiwapikia watoto wake, na chini kabisa jiko la mama yao. Kabange hakujitetea. Anasema alijua papo hapo kwamba dada yake amesema kweli, na ndiyo maana alikaa sakafuni mpaka Océane alipokuja kumwinua.

Siku zikapita. Kabange alipiga, haikupokelewa. Aliandika, na alama mbili za buluu zilionyesha kwamba ujumbe umesomwa, basi. Mapacha hawa hawakuwahi kukaa siku tatu bila kusemeshana, hata wakati wa vita, hata simu zilipokuwa ghali. Sasa wiki ya kwanza ikaisha, ikaja ya pili.

Na chungu nacho kikagoma. Kabange alipokibandika kwenye gesi apike maharage, maji yalichuruzika chini na kuzima moto. Ule ufa wa zamani ulikuwa umefunguka. Maharage yaliyosalimika yalinuka limau, kwa sababu udongo hunywa unachomwagiwa, na kilikuwa kimekunywa dawa ya oveni tangu asubuhi hadi mchana. Océane, kwa upole, alishauri wakiache kiwe pambo. Kilikuwa kinapendeza rafuni. Nani angejua?

Wengi tungekubali hapo. Kabange alikishusha rafuni, akakishusha na chake.

"Miye natoshaka buchafu, njo kazi yangu," anasema; kwao kutosha ni kuondoa, na njo ni ndiyo. "Kama kutosha njo ilikuwa makosa, alors nitarudisha. Hii nayo ni kazi."

Masizi hayauzwi, na gesi haiyatoi. Alihitaji moto wa kuni, katika mji ambao ukiwasha kuni barazani utaletewa zimamoto. Aliyemwokoa ni Papa Jean-Pierre, mlinzi wa mapokezi katika jengo lilelile la ofisi, mtu wa Kolwezi, mji mwingine wa migodi huko Katanga. Ana kipande cha bustani ya mboga huko Anderlecht, anakolima lengalenga, yaani mchicha, na matembele chini ya plastiki. Kamati ya bustani inaruhusu moto mdogo wa kupikia. Kuni zilitoka kwenye matawi ya mtufaha aliokuwa ameupogoa. Mawe matatu Kabange aliyaokota mwenyewe, akayabeba kwenye toroli ya kununulia mboga.

Jumamosi ya kwanza ilinyesha tangu asubuhi. Jean-Pierre alisimama na mwavuli, akiukinga moto. Kabange alilowa. Alichemsha maji ndani ya chungu, akayanusa, akayamwaga, akajaza mengine. Maji yaliyovuja yakazizima kuni kwa mvuke, naye akapuliza tena.

Kila Jumamosi, akitoka bustanini, alimtumia Kyungu ujumbe wa sauti. Msamaha alikuwa ameuomba mara moja na hakuurudia. Alitoa taarifa tu, kama anavyomripotia msimamizi wake kazini. Leo ni maji ya kumi, limau ingalipo. Leo limau imepungua. Leo harufu imekwisha, lakini nyungu inavuja chini, upande wa mistari. Nimejaribu majivu, nimejaribu mawese, bado inavuja. Nifanye nini?

Jumamosi ya nne, siku ya arobaini na moja tangu simu ile ikatike, jibu likaja. Lilikuwa fupi kuliko risiti ya dukani.

"Uji ya muhogo. Nzito. Bila chumvi. Uiache ilale ndani mpaka kesho yake. Njo vile mama alifanya."

Kabange hakusubiri kubadili nguo. Alipanda metro na nguo zake za moshi mpaka Porte de Namur, kwenye maduka ya Waafrika, akanunua unga wa muhogo, akarudi Anderlecht kabla giza halijaingia. Uji wa kwanza ukapunguza uvujaji, na wa pili ukaupunguza tena. Wa tatu ulipolala ndani, asubuhi chini ya chungu palikuwa pakavu. Anasema alipapasa pale chini mara nyingi, kisha akapanusa.

Lakini jambo moja lilimsumbua. Siku ile mama yao alipokitibu chungu, watoto walikuwa wamefukuzwa jikoni. Yeye mwenyewe alikuwa nyuma ya nyumba akiuguza mwiko tatu. Kyungu aliujuaje uji ule, uzito wake, na kwamba haukutiwa chumvi? Akamuuliza.

Jibu lilimkuta Jumanne asubuhi ndani ya metro, akielekea Schuman. Mwanzo wa ujumbe kuna jogoo anawika na mtu anavuta pumzi. Kabange alimruhusu mwandishi ausikilize.

"Miye nilikuwa pale ndani. Nilishika nyungu, mama anamwanga uji. Kabange, haikukuwa mbuzi. Njo miye niliiangusha. Nilimuambia mama ni weye."

Aliusikiliza mara nne, akapitiliza kituo. Kisha akacheka hivi kwamba bwana mmoja mwenye tai aliyekaa mbele yake alihama kiti. Kisha akalia. Katika miaka kumi na minne hiyo ndiyo mara pekee vikombe vya ghorofa ya tano vilioshwa kwa kuchelewa.

Mchana akapiga simu Likasi, na Kyungu akapokea. Walizungumza mpaka chaji ya Kyungu ikaisha. Kyungu alieleza kwamba mama yao aliwahi kuhisi, miaka mingi baadaye, akamwambia ipo siku atalisema mwenyewe. Hakulisema mama akiwa hai. Sasa akapendekeza suluhu: yeye alipasua, mwenzake alisugua, basi wako sawasawa. Kabange alikataa katakata. Kuna mwiko tatu hazijarudi kwa mwenyewe.

Tangu siku hiyo vyungu vyote viwili vinakwenda bustanini kila Jumamosi. Kusafisha cha Kyungu ili kifanane na chake ndilo lililokuwa kosa. Dawa yake, anasema, ni kuvichafua vyote viwili pamoja. Havitarudi rafuni mpaka vyote viwe vyeusi sawasawa, na ndiyo sababu rafu ya katikati iko tupu.

Mwandishi alikwenda Anderlecht Jumamosi iliyopita. Lengalenga zilikuwa zimeanza kuchipua, na Jean-Pierre alikuwa anapasua kuni. Vyungu viwili vilikaa kwenye moto mmoja, kimoja kina maharage na kingine sombe, yaani kisamvu. Weusi umefika tumboni. Mabegani, penye mistari ya ukucha, bado ni pekundu.

Kyungu alikuwepo pia, ndani ya simu iliyoegemezwa kwenye ndoo. Ana uso uleule wa Kabange, uliochomwa na jua zaidi. Alisimamia kazi kwa ukali ambao Schuman hawajawahi kuuona: kuni ile ni mbichi, sogeza jiwe la kushoto, usifunike kabisa, moshi upite wapi? Kabange alitii kila neno. Walipoonja maharage yaliyotoka kwenye kile chungu cha dada yake, Kabange aliyanusa kwanza kwa muda mrefu, macho ameyafumba. Kisha akaijaza sahani ya mgeni mpaka pomoni. Limau haikuwepo.

Mwezi Julai familia itamaliza matanga ya Mama Mapasa huko Likasi, na Kabange amekata shauri kwenda. Ameongeza kazi ya kuosha ngazi za majengo mawili, Jumapili asubuhi, na tiketi moja kati ya mbili imeshalipwa. Mbili, kwa sababu abiria mmoja hawezi kupakata vyungu viwili, na Océane amekubali kubeba kimoja. Vyungu vitapandishwa kwenye mafiga ya mama yao na kuwapikia watu wote wa msiba, vipate weusi wa pale mpaka mabegani, halafu virudi Saint-Gilles kwenye rafu. Chini ya ubao wa katikati penseli imeshaandika mwaka huu na majina ya wabebaji wawili.

Goti, je? Linauma, anasema, lakini nalo litakwenda Likasi.

Mwandishi alimuuliza swali la mwisho moto ukiwa umepungua: akishuka kwenye gari na kumwona Kyungu kwa mara ya kwanza baada ya miaka hii yote, atafanya nini? Kabange alikuwa anakoroga. Alichomoa mwiko kwenye maharage, akaukung'uta ukingoni mwa chungu, akauinua.

"Mbele, namusalimia. Kisha namupiga: un, deux, trois. Kisha tunapika."

Tulisahau kwamba simu ilikuwa bado hewani. Kutoka kwenye ndoo, Kyungu akasema kwa sauti ya chini:

"Mwiko ya mama iko hapa. Nilikuwekea."